Wamasai na Maradhi ya Ng'ombe, 1883 hadi 2011

Katika maandishi mengi juu ya wafugaji wa Afrika Mashariki, mwendo wao umehesabiwa kuwa ni kasoro. Mfugaji, husemwa, huhama kwa sababu hajui kukaa. Hutawanya ng'ombe zake kwa sababu hajui kuwatunza mahali pamoja. Hukataa kuwauza kwa sababu hupenda wingi kuliko faida. Hukumu hiyo ilitolewa na maofisa wa serikali za kikoloni, ikarithiwa na wengi waliokuja baada yao, na hata leo haijatoweka katika vinywa vya watu waliosoma. Makusudi ya insha hii ni kuipima hukumu hiyo kwa kipimo kimoja tu, nacho ni historia ya maradhi. Tutazitazama habari za Wamasai tangu mwaka 1883, mifugo yao ilipoanza kuangamia kwa tauni, hata mwaka 2011, sotoka ilipotangazwa kuwa imekwisha duniani. Neno tutakalolieleza ni hili: kwa Wamasai, dawa ya kwanza ya maradhi ya ng'ombe haikuwa mti wala mzizi, bali ni nafasi; yaani uwezo wa kuondoka mahali penye hatari kwa wakati wake, na kurudi hatari ikiisha. Aliyewapunguzia nafasi aliwapunguzia dawa, hata pale alipodhani kwamba anawatibu.

Kwanza yafaa kuieleza nchi yenyewe, maana asiyeijua nchi hawezi kuyaelewa maradhi yake. Kabla ya Waingereza na Wadachi kuigawa kwa mpaka mwishoni mwa karne ya 19, nchi ya Wamasai ilienea tangu nyanda za Laikipia, ikafuata Bonde la Ufa kupita Nakuru na Naivasha, hata nyika za Simanjiro na Kiteto upande wa kusini. Ndani yake mlikuwa na nchi za namna mbili zilizotegemeana. Ya kwanza ni nyika, zenye majani mafupi matamu ambayo huota upesi mvua inyeshapo, lakini hazina maji ya kudumu. Ya pili ni milima na nyanda za juu, kama zile za Ngorongoro, zenye chemchemi na majani hata wakati wa kiangazi. Mfugaji mwenye nyika pasipo milima aliwapoteza ng'ombe zake kwa kiu. Na mwenye milima pasipo nyika aliwapoteza kwa ugonjwa. Ilimpasa kuwa na zote mbili, na njia ya kupita katikati yake.

Ugonjwa mkubwa wa nyanda za juu ni ndigana kali, ambayo kwa Kimasai huitwa oltikana. Msomaji ataona mwenyewe jinsi majina hayo mawili yanavyofanana. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia wanaopenda kukaa katika masikio ya ng'ombe, nao hustawi penye majani marefu na unyevu. Mnyama huvimba tezi, hushikwa na homa, hupumua kwa taabu, kisha hufa. Na wafao kwa wingi ni ndama. Lakini ndama akiugua akapona, ugonjwa huo haumsumbui tena kwa urahisi. Ng'ombe wa asili waliozaliwa penye kupe waliishi kwa mapatano ya namna hiyo: wengine walikufa wangali wadogo, na waliobaki wakaingia utu uzima na kinga yao. Wamasai walikuwa na njia mbili za kuupunguza msiba huo. Walishusha mifugo nyikani mara mvua zilipoanza, wakawaacha kupe nyuma yao. Nao walichoma majani makavu ili kupe waangamie, vichaka visisonge mbele, na majani mapya yaote kwa ajili ya wanyama.

Lakini nyika nazo zilikuwa na hatari yake, na hatari hiyo ilikuwa na mwezi wake. Kila mwaka katika majira ya mvua, nyumbu huja kuzaa katika nyika za majani mafupi zilizoko baina ya Serengeti na Ngorongoro, na wengi huzaa kwa pamoja katika majuma machache, hasa mwezi wa Februari. Ng'ombe akichunga mahali walipozaa nyumbu, huenda akapatwa na ugonjwa ambao humtoa machozi na kamasi, humtia homa na ukungu machoni, na mara nyingi sana humwua. Wamasai waliujua ugonjwa huo na chanzo chake zamani za kale. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: nyumbu aanzapo kuzaa, ng'ombe aondolewe. Mwaka 1960 mtaalamu wa maradhi ya wanyama, Walter Plowright, aliyekuwa akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, aliipata virusi ya ugonjwa huo ndani ya nyumbu, na neno la wafugaji likathibitishwa katika maabara. Baadaye ikajulikana kwamba ndama wa nyumbu ndiye anayeieneza, kwa machozi na kamasi zake, katika miezi michache ya kwanza ya maisha yake.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kulipima kwa makini. Wamasai walisema kwamba ugonjwa hutoka katika kondo la nyuma la nyumbu, lililoachwa majanini baada ya kuzaa. Wataalamu walipolichunguza kondo hilo hawakuliona kuwa ndilo njia ya ugonjwa. Basi maelezo ya chanzo yalikosea kidogo, lakini kanuni ilikuwa sahihi kabisa: mahali palikuwa ni pale, na wakati ulikuwa ni ule. Mchungaji hakuhitaji kuiona virusi ili amwokoe ng'ombe wake. Alihitaji kujua lini aondoke, na kuwa na mahali pa kwenda. Elimu ya namna hii si ya kudharauliwa kwa kuwa haikuandikwa, wala haifai kutukuzwa kana kwamba haikosei. Ni elimu ya mahali na majira, na nguvu yake yote imo katika uwezo wa kutenda.

Tukiyatazama majina ya maradhi katika Kimasai tutaona ushahidi mwingine wa elimu hiyo. Sotoka huitwa olodua, neno lenye maana ya nyongo. Kwa kuwa mnyama aliyekufa kwa sotoka akipasuliwa, mfuko wake wa nyongo huonekana umevimba. Homa ya mapafu ya ng'ombe huitwa olkipei, jina litokalo katika mapafu yenyewe, ambayo kwa ugonjwa huo huharibika na kushikamana na mbavu. Majina hayo hayakutolewa na watu waliotazama mnyama kwa nje tu, wakasema kwamba amerogwa. Yalitolewa na watu waliomchinja au kumpasua, wakatazama ndani, wakalinganisha mzoga wa leo na mzoga wa mwaka jana, kisha wakaita ugonjwa kwa kiungo walichokiona kimeharibika. Daktari wa mifugo naye hufanya vivyo hivyo.

Pamoja na mwendo, Wamasai walikuwa na kinga ya pili, nayo ni kutawanya mali. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Wengine aliwapeleka kwa wakwe, wengine kwa ndugu, na wengine kwa marafiki waliokaa mwendo wa siku nyingi; naye kwa zamu yake alitunza wanyama wa watu wengine. Urafiki huo ulitiwa muhuri kwa zawadi ya mnyama, na tangu siku hiyo marafiki hawakuitana kwa majina yao bali kwa jina la zawadi: waliopeana ng'ombe dume huitana pakiteng, na waliopeana kondoo huitana paker. Waswahili husema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mmasai wa zamani angeligeuza neno hilo, akasema kwamba asiye na chochote kwa nduguye ndiye atakayekufa maskini. Kwa maana ugonjwa ukiingia katika boma lake, au mvua ikikosa upande wake, hatakuwa na mahali pa kwenda kuomba mtamba wa kuanzia upya. Yule ofisa aliyeona ng'ombe waliotawanywa akadhani ni uzembe, alikuwa akitazama bima bila ya kuitambua.

Sasa tuje kwenye msiba uliozishinda kinga zote hizo. Wamasai huukumbuka kwa jina la emutai, yaani kumalizika kabisa. Ulianza kwa olkipei karibu na mwaka 1883, ugonjwa ulioua ng'ombe wengi na kuwaacha watu wakiwa dhaifu. Kabla hawajajiweka sawa ikafika sotoka. Ugonjwa huo ulikuwa haujawahi kuenea katika nchi hizi. Uliingia pembe ya Afrika mwaka 1887, karibu na bandari ya Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya majeshi ya Italia. Mwaka uliofuata ulikuwa umekwisha kuingia Ethiopia, na njaa kubwa ya nchi ile ikadumu hata mwaka 1892. Kwa Wamasai ulifika karibu na mwaka 1890 na 1891, ukaendelea kusini. Mwaka 1896 ulikuwa umevuka mto Zambezi, na mwaka 1897 ulikuwa umefika Cape. Makadirio ya kawaida ya wanahistoria ni kwamba mahali pengi ulipopita, ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Baada ya sotoka ikaja ndui, mwaka 1892, ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa.

Msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alipita katika nchi ya Wamasai mwaka huo wa 1892, akafika hata bonde la Ngorongoro. Aliandika juu ya watu waliokonda wakabaki mifupa, waliokuja kambini kwake kuomba chakula, na wazazi waliokuwa tayari kuwatoa watoto wao ili wapate kula. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikuwa wamekufa. Hatuwezi kuichukua hesabu hiyo kama sensa, kwa kuwa msafiri huona njia aliyopita tu. Lakini mapokeo ya Wamasai wenyewe, na yale ya jirani zao, yanakubaliana naye juu ya ukubwa wa msiba.

Kwa nini kinga za zamani zilishindwa? Jibu limo ndani ya kinga zenyewe. Ndigana hukaa milimani, na ugonjwa wa nyumbu hukaa nyikani kwa miezi michache. Mtu aweza kuyapa maradhi hayo mgongo. Sotoka haikuwa na mahali pake wala mwezi wake. Ilikwenda pamoja na mnyama mgonjwa, kwa pumzi yake na kinyesi chake, na aliyekimbia na mnyama mgonjwa alikimbia na ugonjwa. Tena nyati na nyumbu na wanyama wengine wa porini nao waliugua, hata pori lenyewe halikuwa kimbilio. Kutawanya ng'ombe kwa marafiki, ambako kwa ukame kuliokoa, kwa sotoka hakukuokoa, maana marafiki wote walifikiwa katika msimu mmoja. Na katika vita vya kunyang'anyana mifugo iliyobaki, ugonjwa ulitekwa pamoja na ng'ombe.

Hata hivyo, si kweli kwamba watu walikaa wakingojea kufa. Wengi walikimbilia kwa wakulima, kwa Wakikuyu na Waarusha na Wachaga, wakapokewa kwa sababu ya ndoa na biashara za zamani. Wengine waliwaweka wake na watoto huko kwa kubadilishana na chakula. Wengine waliishi kwa kuwinda, kama wale ambao Wamasai huwaita Iltorobo, watu wasio na ng'ombe. Wengine tena, hasa waliomfuata laiboni Olonana katika ugomvi wake na ndugu yake Sendeu, baada ya kifo cha baba yao Mbatiany, walikaa karibu na Waingereza, wakaenda pamoja nao katika misafara ya vita, wakalipwa kwa ng'ombe walioteka. Hivyo mbegu ya mifugo ikaanza kurudi. Katika jambo hili twaona kwamba urafiki wa zamani, ulioshindwa kuwaokoa ng'ombe, uliwaokoa watu.

Lakini nchi haikungoja. Mahali ambapo ng'ombe na watu walipungua, majani hayakuliwa wala kuchomwa, vichaka vikaota, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o, ambao huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya maradhi hayo, alionyesha kwamba Waafrika wa zamani hawakuwa wakiishi kwa bahati tu kati ya mbung'o. Waliishi kwa kuitawala mipaka baina ya makazi na pori. Helge Kjekshus aliandika kwa mkazo zaidi mwaka 1977 juu ya Tanganyika, akasema kwamba ukoloni ulivunja utawala huo wa mazingira. Wanahistoria wengine wamemkosoa Kjekshus kwa kuipaka karne ya 19 rangi nzuri kupita kiasi, nao wana haki, maana vita na biashara ya utumwa vilikuwa vimekwisha kuvuruga mengi. Lakini juu ya vichaka na mbung'o baada ya sotoka, hoja yenyewe imesimama: nyika ni kazi ya mikono na midomo, ya mtu achomaye na ng'ombe alaye, na kazi hiyo ikikatika, pori hurudi na maradhi yake.

Wakati huo huo, ilipoonekana kwamba nchi ya Wamasai ni tupu, walowezi wakaitamani. Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba waliikuta katika siku yake mbaya kuliko zote. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa, penye Naivasha na Nakuru, wakawekwa katika sehemu mbili, moja Laikipia na nyingine kusini ya reli. Mapatano yalisema kwamba haki yao katika sehemu hizo itadumu maadamu Wamasai wapo. Miaka saba ikapita. Mwaka 1911, baada ya kifo cha Olonana, mapatano mapya yakafanywa, na watu wa Laikipia wakaambiwa wahamie kusini. Walihama kati ya 1911 na 1913, na wanyama wengi walikufa njiani.

Katika upinzani wa watu wale, ambao kiongozi wao mkubwa alikuwa Parsaloi Ole Gilisho, maradhi hayakuwa jambo dogo. Walisema kwamba Laikipia ni nchi safi kwa ng'ombe, na kwamba kusini, hasa upande wa magharibi, kuna oltikana na mbung'o. Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo kupe, akipelekwa penye kupe, hufa kama mgeni. Na hilo walilijua. Mwaka 1913 shauri lao lilifikishwa mahakamani kwa jina la Ole Njogo na wenzake. Mahakama haikupima kama malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya serikali na taifa la kigeni, na kwa hiyo hayamo katika uwezo wake. Basi elimu ya wafugaji juu ya nchi na maradhi ikabaki nje ya mlango wa mahakama, haikukubaliwa wala haikukanushwa.

Baada ya hapo ikaja karantini. Serikali ya Kenya iliifungia hifadhi ya Wamasai mara kwa mara, kwa muda mrefu, ili ng'ombe zao wasipeleke maradhi katika mashamba ya walowezi, ambao walikuwa wameleta ng'ombe wa Ulaya wasio na kinga yoyote. Twaweza kuelewa hofu ya mlowezi. Lakini tuone jinsi mambo yalivyopinduliwa: mtu ambaye dawa yake ni kuondoka alifungiwa ndani pamoja na ugonjwa, asiweze kuhama wala kuuza, kisha akalaumiwa kwamba ana ng'ombe wengi mno na nchi yake imechakaa. Ile hukumu tuliyoitaja mwanzoni, ya mfugaji apendaye wingi kuliko faida, kwa sehemu kubwa ilizaliwa nyuma ya uzio huo.

Upande wa Tanganyika kisa kilichukua sura nyingine, na hiki ndicho chenye fundisho kubwa kuliko vyote. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia sahihi mapatano ya kuziacha nyika za Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 nchi ikagawanywa: Serengeti ikawa hifadhi ya wanyama isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikawa mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wa porini wangeishi pamoja. Katika miaka hiyo hiyo Plowright na wenzake kule Muguga walikuwa wakiitengeneza chanjo mpya ya sotoka, chanjo salama na ya bei ndogo, ambayo ilimpa mnyama kinga ya maisha. Kampeni kubwa ya kuchanja ng'ombe wa Afrika ikaendeshwa tangu 1962 hadi 1976. Ng'ombe waliozunguka Serengeti wakachanjwa, na sotoka ikatoweka upesi hata kwa nyumbu, ambao hawakuchanjwa kamwe. Ikadhihirika kwamba ugonjwa huo ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe kwenda kwa nyumbu, na kila mwaka ulikuwa ukiwafyeka ndama zao.

Matokeo yake yalishangaza dunia. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa yapata 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja na robo. Mvua nzuri za kiangazi katika miaka ya 1970 ziliwasaidia, lakini chanzo kikubwa kilikuwa ni kuondoka kwa sotoka. Wapenzi wa wanyama walifurahi, na furaha yao ilikuwa na haki. Lakini kwa Mmasai wa Ngorongoro kila nyumbu aliyeongezeka aliongeza eneo la kuzalia, na kila eneo la kuzalia lilikuwa ni malisho yaliyofungwa katika miezi ile ile ambayo majani yake ni matamu kuliko yote. Ng'ombe aliyeokolewa na chanjo akanyimwa nyika na nyumbu aliyeokolewa na chanjo ile ile. Mfugaji akalazimika kukaa milimani wakati wa mvua, wakati ambao babu zake walikuwa wakishuka. Na milimani kupe walikuwa wakimngoja. Kuchoma majani nako kulikuwa kumekatazwa katika Ngorongoro. Hivyo ndigana, ambayo zamani ilikuwa ni ushuru wa kiangazi, ikawa ni kodi ya mwaka mzima, na ndama wakafa kwa wingi.

Msomaji asidhani kwamba nasema chanjo ilikuwa mbaya. Hakuna mtu aliyeikumbuka emutai ambaye angeikataa. Nasema tu kwamba maradhi ya nyika hayakai moja moja kama chupa katika kabati ya mganga. Yameshikana kama nyuzi za mkeka, na anayeuvuta uzi mmoja huisogeza mingine. Wamasai waliishi na maradhi yote kwa pamoja, wakiyapima moja dhidi ya jingine: nikae hapa nipate kupe, au nishuke nikutane na nyumbu, au niende mbali nikose maji? Serikali ilikuja na idara: idara ya mifugo kwa ng'ombe, idara ya wanyamapori kwa nyumbu, idara ya misitu kwa moto. Kila moja ilifanya kazi yake vizuri, na matokeo ya kazi zote yakamwangukia mtu mmoja.

Mwisho wa sotoka wenyewe unatufundisha namna bora ya kufanya kazi. Kampeni ya 1962 hadi 1976 ilikaribia kuimaliza, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulirudi na kuenea tena katika nchi nyingi za Afrika. Ulikuwa umejificha kwa wafugaji wa mbali, mahali penye vita au pasipo barabara, ambapo chanjo ya Plowright haikufika kwa kuwa ilihitaji kuhifadhiwa katika baridi. Hapo yalifanyika mambo mawili. Jeffrey Mariner alitengeneza chanjo iliyoweza kukaa majuma kadhaa bila ya barafu. Na wafugaji wenyewe, kama wale wa Karamoja kule Uganda na Waafar wa Ethiopia, walifunzwa kuchanja mifugo yao, wakaenda na chanjo kwa miguu kule ambako gari la serikali halikufika. Wataalamu nao walianza kuwauliza wazee: sotoka mliiona lini mara ya mwisho, ilitoka upande gani, ilifuata njia ipi? Majibu yao yaliongoza chanjo mahali ilipohitajiwa. Ile elimu ya mahali na majira, iliyoachwa nje ya mlango wa mahakama mwaka 1913, sasa iliingizwa ndani, ikapewa kazi. Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru nchini Kenya. Na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani.

Hapa historia inatuonyesha jambo la ajabu. Katika tauni tatu za emutai, mbili ndizo maradhi pekee ambayo wanadamu wameweza kuyaondoa kabisa duniani: ndui, iliyotangazwa mwaka 1980, na sotoka. Zile mbili zilizokuja kutoka nje na kuzishinda kinga zote za wafugaji, zilishindwa na chanjo. Lakini olkipei ingalipo, na ndigana ingalipo, na nyumbu wangali wakizaa kila Februari. Kwa ndigana pana chanjo iliyoanzia katika utafiti wa Muguga, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imetumiwa na wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania, na wengi wao huilipia kwa fedha zao wenyewe. Jambo linalotosha kuwanyamazisha wanaosema kwamba mfugaji huikataa elimu mpya. Kwa ugonjwa wa nyumbu, hata leo kanuni inayotegemewa ni ile ile ya wazee: ondoka.

Basi hatuna budi kuuliza, aondoke aende wapi? Mashamba, mahifadhi, miji na nyua za watu binafsi vimezikata njia za zamani katika Kenya na Tanzania, na mvua zimekuwa za kubahatisha. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mamia ya kilomita kutoka katika malisho yao. Insha hii haikukusudia kulihukumu jambo hilo, ambalo lina pande nyingi na mabishano yake yangali makali. Lakini yeyote anayepanga kumhamisha mfugaji, au kumzuia asihame, anapaswa kuuliza maswali ambayo mwaka 1911 hayakuulizwa: nchi hiyo ina kupe gani, ng'ombe hao wamezaliwa wakiwa na kinga ya nini, kiangazi kikija watakwenda wapi, na marafiki waliotunza mifugo yao watakuwa umbali gani? Nyumba na josho na zahanati ni vitu vyema, lakini havijibu maswali hayo.

Na kwetu sisi tunaosoma na kufundisha, kazi iliyobaki ni kuyakusanya majina. Katika Kimasai, na katika lugha za Wadatoga, Waturkana na Waborana, kila jina la ugonjwa lina habari ya kiungo, ya mahali au ya majira, kama tulivyoona katika olodua na olkipei. Majina hayo yangali katika vinywa vya wazee, na kila mwaka wazee hupungua. Kamusi itakayoyaandika pamoja na maana zake itakuwa kitabu cha lugha, na itakuwa pia kitabu cha uganga wa mifugo na cha historia ya nchi.